Aliyesahaulika Barazani

Nimeendesha gari la Mfuko miaka mingi, lakini ukiniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa, nitakwambia ilikuwa kukaa barazani na marehemu. Usiniangalie hivyo. Ndivyo tulivyowaita, mimi na wao wenyewe, kwa utani. Walikuwa wazima kabisa, wengine mikono bado ina povu la sabuni. Walikuwa wametolewa nje ya nyumba zao kwa muda mfupi ili ionekane maisha yatakuwaje watakapokuwa hawapo.

Aliyewatoa ni Bi Kesho, na habari hii ni yake.

Jina hilo alibandikwa na madereva, kwa sababu hakuwa na neno jingine mdomoni. Ukimwambia mtoto amekula vizuri leo, anauliza, na kesho? Ukimwambia kiti cha magurudumu kimepatikana, anauliza, na kesho, mtoto akirefuka? Wenzangu walimkwepa. Walisema kumbeba mwanamke yule ni kubeba mkosi. Mimi nilipangiwa yeye kwa sababu nilikuwa nimekosana na msimamizi wa magari, na nilijua fika kwamba ile ilikuwa adhabu.

Alikuwa mwembamba, mkimya, na alivua viatu kila mlango, hata ukimwambia asijisumbue. Zamani alifanya kazi kwenye kampuni ya bima ya magari, akikagua magari yaliyogongwa. Serikali ilipoanzisha Mfuko wa kuwasaidia watu wenye ulemavu, ikasema utaendeshwa kwa kanuni za bima, si kwa huruma za wakubwa, na ikatafuta watu wanaoijua bima. Ndivyo alivyotoka kwenye mabati yaliyopondeka akaingia kwenye nyumba za watu.

Siku ya kwanza nilimuuliza garini bima na viwete vinahusiana nini. Nililitumia neno hilo, na alinikata jicho mpaka nikalimeza.

"Kila mtu anachangia kidogo kwenye kodi yake," alisema. "Hakuna anayejua ajali au ugonjwa utaangukia nyumba ya nani. Ukikuangukia wewe, hujaja kuomba. Umekuja kuchukua chako. Hilo la kwanza."

"Na la pili?"

"La pili, hatuangalii mwaka huu. Tunaangalia maisha yote ya mtu. Ukimnyoosha mtoto mkono leo, hutamkata mfupa akiwa mtu mzima. Ni kama oili ya gari lako. Ukibadilisha kwa wakati, injini inadumu."

Nilikaza macho barabarani, maana oili ya gari lile ilikuwa nyeusi kama lami.

La tatu aliniambia baada ya muda, tumekwama kwenye foleni, akiangalia nje ya dirisha. Katika nyumba hizi, alisema, hatari kubwa kuliko zote si ulemavu. Ni mama. Mama anafanya kazi ya watu watatu, halipwi, hapumziki, na kila mtu nyumbani anaishi kana kwamba mama hafi. Yeye alikuwa na kaka ambaye hakuweza kujigeuza kitandani. Mama yao alipofariki ghafla, ilibainika hakuna mwingine aliyejua kwamba kaka yule hulala upande wa kulia tu, kwamba wa kushoto humziba pumzi. Walimpeleka kwenye makao, jengo lile kubwa nje ya mji lenye vitanda vilivyopangwa mstari. Hakukaa sana. Bi Kesho alisema hivyo tu, hakukaa sana, na foleni ikasogea.

Mwanzoni alikuwa akiwauliza kina mama waziwazi, ukifa itakuwaje? Wengine walimjibu Mungu anajua. Wengine walimwambia kama unanitakia kifo, mlango ule pale. Mama mmoja alitufungulia mbwa, na mimi, pamoja na kitambi changu, nilifika garini kabla ya mbwa. Basi Bi Kesho akaacha kuuliza, akabuni lile zoezi. Anamwomba mama atoke nje. Waliobaki ndani wanajaribu kuishi asubuhi ya kawaida bila yeye, na Bi Kesho amekaa kando anatazama. Hapo hapo kila kitu kinajitokeza. Dawa iko kwenye kabati la juu ambalo hakuna mwingine analifikia. Uji lazima upoe kiasi fulani ambacho mama hukipima kwa mdomo wake. Baba hajui mwanawe anavaaje soksi. Yote hayo Mfuko unaweza kuyapanga mapema kama unayajua, na usipoyajua, unakuja kuyalipia kwa mtu aliyevunjika.

Huku nje nilikuwa mimi. "Karibu, marehemu," nilisema, nikisogeza kigoda, na walicheka, wote walicheka. Halafu walinyamaza wakatega sikio mlangoni. Sijaona hata mmoja ambaye hakutega sikio. Mmoja alishika kichwa akasema, "Anamgeuza vibaya, nasikia, anamgeuza vibaya," akataka kuinuka, nikamwambia, "Kaa, mama, maiti hainuki." Akakaa, akacheka huku machozi yanamtoka.

Mwisho, kila nyumba, sauti ya Bi Kesho ilitoka ndani na maneno yale yale: "Mama, rudi ndani. Tumemaliza." Nimeona wanawake wazito, wenye magoti mabovu, wakikimbia kwa maneno hayo. Bi Kesho hakuwahi kuyaruka. Aliniambia ukimtoa mtu kwenye maisha yake lazima wewe mwenyewe umrudishe. Nilimwona ameanza kuwa mshirikina, nikamtania, hakucheka.

Sasa nyumba ya Mama Jaji.

Jaji alikuwa binti mkubwa, mwanamke mzima, ambaye mwili wake ulikaza tangu kuzaliwa na hakuweza kutoa maneno. Kichwani alikuwa mkali kuliko mimi na wewe. Alizungumza kwa kugonga kile kimeza cha kiti chake cha magurudumu kwa kifundo cha mkono wa kushoto, mara moja ndiyo, mara mbili hapana, na alivyogonga, ungedhani ni mahakamani na rufaa hakuna. Ndipo alipopata jina. Mama yake alikuwa mshonaji, mcheshi, mwenye sauti ya kuvunja mbavu za mtaa mzima. Alikuwa na kiti chake kifupi cha mbao chenye mto wa maua, mbele ya kiti cha binti, na hapo ndipo alipomlishia, alipomchania nywele na alipomsomea magazeti. Walikuwa wawili tu. Kama kuna nyumba iliyohitaji lile zoezi, ni ile.

Bi Kesho alimwomba mama atoke, akatoka.

"Karibu, marehemu," nilisema.

"Asante, nimeshapoa," alinijibu, akakaa kigodani, akatega sikio kama wenzake.

Kwa muda hapakuwa na kitu ila kugonga. Baadaye nilielewa kilichokuwa kikiendelea. Jaji alikuwa ameamua kumwongoza Bi Kesho mwenyewe. Bi Kesho anauliza, chupa ya chai hii? Mara mbili. Hii? Mara moja. Sukari juu? Mara mbili. Chini? Na alipomwaga chai kwenye soksi zake, yule bosi wangu asiyecheka, Jaji alicheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, kinatoka kifuani kwa vipande. Na Bi Kesho akacheka naye. Nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko cha Bi Kesho, na kilinishtua.

Mama Jaji akasema, polepole, kama mtu anayejaribu nguo mpya mwilini, "Unasikia? Wanacheka. Wanacheka na mimi sipo."

Sikujua kama nimpe pole au hongera.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa naomba binti yangu atangulie, hata kwa siku moja. Mama gani anaomba hivyo, kaka? Nilikuwa naomba kwa hofu tu. Sasa nasikia wanacheka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Leo nitalala."

Manyunyu yakaanza. Alikumbuka nguo alizokuwa amezianika, akainuka, akazunguka nyuma kuzianua, akaingia kwa mlango wa jikoni na nguo mabegani. Ndani walikuwa bado wamenogewa, Bi Kesho amepiga magoti anaongea na Jaji kuhusu mtu wa kumfanyisha mazoezi ya ule mkono wa kushoto. Walipomwona mama wote walicheka tena. Chai ikanywewa. Tukaondoka na furaha.

Tulikuwa tumefika mbali Bi Kesho aliposema, "Sikumwita."

"Si aliingia mwenyewe, bosi?"

"Sikumwita," alisema tena.

Wiki chache baadaye Mama Jaji alianguka kwenye foleni ya zahanati, ameenda kuchukua dawa za presha, na hakuamka.

Mpango ulikuwa tayari, na ndiyo faida ya Mfuko, lazima niseme. Wasaidizi waliletwa mara moja, nyumba ikabaki na mwenyewe, hapakuwa na vikao vya ndugu wala kusukumiana mzigo. Kila kitu kilipangwa sawasawa, isipokuwa kwamba Jaji alikataa kula. Msaidizi akikaa kwenye kile kiti kifupi, alifunga mdomo akageuza uso ukutani. Jirani alimlisha amesimama, kijiko hapa kijiko pale, na hiyo haikutosha. Wa kwanza akashindwa, wa pili akashindwa. Jaji alipungua mpaka mashavu yakaingia ndani. Macho hakuyaondoa mlangoni.

Mtaani walisema maskini, hajui mama amekufa, anamsubiri. Upuuzi mtupu. Alikuwepo mazikoni, tulimsukuma mimi na jirani mpaka kaburini, na alitazama mpaka udongo wa mwisho. Alijua. Lakini alikuwa anasubiri kitu, hilo lilikuwa wazi hata kwangu.

Na Bi Kesho naye akaharibika. Katika nyumba nyingine zoezi likiisha hakuita tena kwa sauti tu, alitoka mwenyewe akamshika mama mkono akamwingiza, akamwambia maneno yale mara mbili, mara tatu, mpaka watu walikuwa wanatazamana. Akiwa garini alikuwa anageuka nyuma ghafla. Asubuhi moja nilipomfuata kwake alinifungulia akiwa na macho mekundu. Aliishi peke yake, ghorofani, vyumba viwili safi visivyo na kelele za mtu.

"Siwezi kutia komeo, kaka," aliniambia. "Kila nikishika komeo nahisi kuna mtu nje sijamwita."

Nilimwambia apumzike, achukue likizo. Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini nilimwelewa. Hata mimi, nikikaa barazani mwa watu, nilikuwa nimeanza kuangalia kile kigoda cha pili, cha marehemu, kabla ya kuketi.

Mkuu wa kitengo akamwita. Msaidizi wa tatu ndiye wa mwisho, alisema. Akishindwa, binti anapelekwa makao, kule wana namna zao za kulisha. Bi Kesho alimwambia makao ni nafuu ya mwaka mmoja na hasara ya maisha, kwamba mkono ule utakaza, mgongo utapinda, na mtu aliyekuwa na akili timamu atazimika kitandani. Mkuu alimjibu kwamba mtu asiyekula hana maisha ya kukadiria. Bi Kesho alitoka mle ofisini akiwa amekunja midomo, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza chochote kuhusu kesho.

Tukaenda na msaidizi wa tatu. Alikuwa dada mmoja mnene, mpole, aliyewahi kufanya kazi ya kukanda unga kwenye duka la mikate. Nilibaki barazani kama kawaida, mlango wazi, nikiona kila kitu. Jaji kwenye kiti chake. Kiti kifupi mbele yake, kitupu. Dada wa mikate amesimama na bakuli. Bi Kesho akapiga magoti.

"Jaji," alisema, "kuna kitu sikukifanya siku ile."

Gonga moja. Ndiyo.

"Unataka nimwite mama?"

Nilishika ukuta. Kama angeita, naapa ningekimbia kuliko siku ya mbwa. Lakini Jaji aligonga mara mbili, kwa nguvu, mpaka kimeza kikatikisika.

"Unataka nini, basi?"

Jaji alitazama mlango. Akamtazama Bi Kesho. Akatazama mlango tena.

"Nitoke mimi?"

Mara moja.

Bi Kesho akainuka. Alitoka bila kuvaa viatu, akasimama kando yangu karibu na kigoda, soksi kwenye sakafu ya baridi. Sikumwambia karibu, marehemu. Tukasimama tu pale wawili, tumetega sikio kama wote waliotutangulia.

"Alisema nini?" aliuliza. "Siku ile, alipokuwa hapa na wewe. Sijawahi kukuuliza."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na sikupunguza sauti, kwa sababu mimi sijui kunong'ona. Kwamba aliwasikia wakicheka. Kwamba alikuwa ameomba miaka yote binti atangulie, kwa hofu, na kwamba alipokisikia kile kicheko alijifuta uso akasema leo nitalala. Kwamba aliinuka kwenda kuanua nguo akiwa na furaha, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa na furaha.

Ndani hapakuwa na sauti. Halafu ukatoka mlio ambao sitausahau, kifua cha Jaji kikifunguka vipande vipande, na sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio. Wote tulikuwa tumedhani amemkasirikia Bi Kesho. Kumbe muda wote ule alikuwa amekaa mbele ya kiti kitupu akijiuliza yeye mwenyewe kwa nini alicheka mama yake akiwa nje.

Ulipotulia, ikaja gonga moja.

"Nikae?" aliuliza dada wa mikate.

Gonga moja.

Kiti kifupi kililia chini ya uzito wake. Kisha nikasikia kijiko kinagusa bakuli, kikagusa tena, na nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Bi Kesho alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Bakuli likaisha. Vyombo vikaoshwa. Nikasema, "Bosi, tuingie tuage."

"Sijaitwa," alisema.

Nikachungulia. Jaji alikuwa anatazama mlango moja kwa moja, mkono umelala juu ya kimeza, kifundo kimeinuka kidogo. Hakugonga. Alijua tupo, alijua kabisa, na hakugonga. Tukasubiri mpaka dada wa mikate akatuletea vile viatu nje, kwa aibu, ameviweka pamoja kama vya mgeni. Bi Kesho akavivaa. "Ana haki, mama yake sikumwita," alisema, tukaondoka.

Miaka ikapita. Jaji alinenepa, yule dada akawa kama ndugu, na mkono ule ulifanyishwa mazoezi mpaka akaanza kushika kijiko mwenyewe. Mkuu wa kitengo alimtaja kwenye mikutano, jinsi gharama zilivyoshuka, jinsi kuwekeza mapema kunavyolipa, kama vile wazo lilikuwa lake. Kila mwaka Mfuko hutembelea watu wake kuona hali. Zamu ya nyumba ile ikifika, Bi Kesho alikaa barazani, akauliza maswali yake kupitia mlango, akajibiwa kwa kugongewa kutoka ndani. Waliongea vizuri, hata kutaniana. Lakini hakuitwa, na hakuomba. Kwake pale ghorofani komeo lilibaki bila kutiwa. Nilimfungia kitasa kwa funguo kutoka nje mara kadhaa alipoumwa, na kila mara alinifuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa.

Alipokaribia kustaafu tulienda mara ya mwisho. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa kunishika mkono. Aliuliza maswali yake kutoka kigodani. Mgongo vipi, usingizi vipi. Halafu, kwa mazoea, akauliza, "Na kesho?"

Gonga moja.

Akamuaga, akamwambia atakuja mtu mwingine, kijana mzuri, asimtese. Akainuka, akanishika mkono, tukaanza kushuka ngazi za baraza.

Nyuma yetu ikaja gonga.

Alisimama. Alinitazama, na niliona anaogopa kwamba ameisikia peke yake.

"Umeitwa, bosi," nilisema.

Alivua viatu. Ilimchukua muda, vidole havikuwa vyepesi tena, na sikumsaidia kwa sababu niliona hataki. Kisha aliingia ndani polepole akishika ukuta, na nikasikia dada wa mikate akiinuka kumpisha, na kile kiti kifupi kikisogezwa.

Mimi nikabaki barazani, na vigoda viwili. Nilikaa kwenye changu. Hapakuwa na upepo, lakini nilihisi lile nililokuwa nimelihisi miaka yote pale na sijawahi kumwambia mtu, kwamba kando yangu kuna mtu ametega sikio. Ndani walianza kucheka, yule mmoja kwa vipande, na mwingine kwa ile sauti ngeni niliyokuwa nimeisikia mara moja tu. Halafu nikasema, si kwa sauti kubwa, lakini mimi sijui kunong'ona:

"Mama Jaji, rudi ndani. Wamemaliza."